Pete ya Chuma na Safari Mbili

Kwenye banda la gemu la Masta, pale Magomeni ya Kilosa, hukugusa rimoti mpaka ushike pete. Haikuwa pete ya kidole. Ilikuwa duara la nondo lililochomelewa na fundi wa mageti, zito kiasi kwamba mtoto akilitundika begani anainamia upande. Aliyekuwa nalo ndiye mwenye zamu. Asiyekuwa nalo, hata kama baba yake ni nani, alikaa kwenye benchi akala kwa macho. Wageni waliona vichekesho, sisi majirani tulishazoea.

Mwenye banda alikuwa stesheni masta kabla ya kustaafu, ndiyo maana tukamwita hivyo, na miaka yake mingi aliimalizia Munisagara, ambako kwa maneno yake mwenyewe treni zilikuwa za kuhesabu na mbu hawahesabiki. "Reli ni moja," aliwaambia watoto waliolalamika. "Treni mbili zikikutana kwenye reli moja, hapo hakuna dereva hodari. Kwa hiyo zamani dereva haondoki mpaka nimempa chuma mkononi. Akifika stesheni ya mbele, anakikabidhi. Hata awe amempakia waziri, bila chuma anangoja."

"Lakini Masta, sisi si tunacheza mpira tu?"

"Ndiyo maana mnagombana. Kaa chini."

Mimi ni fundi cherehani, na duka langu na banda lake vilitenganishwa na ukuta mmoja wa matofali ya kuchoma ambao haukuwahi kuzuia sauti yoyote. Kwa hiyo ninayoyasimulia sikuambiwa na mtu. Nilikuwa nikishona huku nasikia. Zaidi ya ujirani, tulikuwa watani. Mimi Msagara, yeye na mkewe Wanyamwezi, na kati ya makabila yetu utani ni wa tangu enzi za misafara. Mtani ana ruhusa ambazo ndugu hana. Anakutukana ukacheka, anachukua kuku wako ukanyamaza, na ukifa anakuja msibani kwako kuvaa nguo zako, kutembea kama ulivyotembea na kusema ulivyosema, hadi wafiwa wacheke katikati ya machozi. Huo si utovu wa adabu. Kwetu, maiti asiyetaniwa ni kama mgeni aliyeondoka bila kusindikizwa.

"Shikamoo, mpagazi wangu," nilimsalimia kila asubuhi.

"Marahaba, mtumwa. Bado hujarudi milimani?"

Baada ya hapo ndipo kila mmoja alifungua duka lake.

Watoto walicheza mpira kwenye mashine ya kisasa iliyokaa chumba cha mbele. Moyo wa Masta lakini ulikuwa chumba cha nyuma, kwenye mashine mbili za zamani alizouziwa na mzungu mmoja wa ujenzi aliyekuwa anafunga virago. Mzungu yule alikuwa na wana wawili wasiopikika chungu kimoja, kila mmoja na mashine yake, kila mmoja akiapa kwamba ya mwenzake ni takataka. Moja nyeusi, moja ya kijivu, za makampuni mawili yaliyokuwa yakishindana kama simba na chui. Kila moja ilikuja na kaseti yake ya gemu, yale magemu marefu ya kuvaa uhusika, ambapo unakuwa mtu mwingine, unasafiri, unapigana, unakua, na unaweza kumaliza mwaka hujaona mwisho.

Masta alichukua nyeusi. Mkewe, tuliyemwita Mama Stesheni, alichukua ya kijivu. Na ule ugomvi wa wana wa mzungu ukahamia Kilosa.

Nikiwasikiliza kupitia ukutani nilikuja kuyajua magemu yote mawili ingawa kucheza sikujua. Gemu la Masta lilikuwa la utaratibu. Mfalme anakuita, anakupa amri, unakwenda mji wa kwanza, halafu wa pili, huwezi kuruka. Majina ya watu wako umeshapangiwa. Na ili kuihifadhi safari yako usianze upya, lazima ufike kwenye nyumba ya wageni. Ukifia njiani kabla ya kufika, umepoteza yote uliyoyatolea jasho. Hilo Masta alilipenda kuliko kitu chochote. "Mtu halali porini," alisema. "Mtu analala stesheni. Gemu hili limetungwa na mtu aliyewahi kufanya kazi."

Gemu la Mama Stesheni lilikuwa kinyume chake. Ulimwengu wote uko wazi tangu siku ya kwanza. Watu wako unawapa majina wewe mwenyewe. Una punda wa kubeba mizigo. Ukichoka, unahifadhi safari hapo hapo uliposimama, iwe sokoni, iwe mtoni, iwe katikati ya msitu wenye majoka. Na ukitaka kujua njia huna budi kuuliza watu. Mama Stesheni aliuliza wote. Aliongea na wachunga mbuzi, na askari wa getini, na vikongwe waliokaa vibarazani, akifungua kamusi kwa kila neno la Kiingereza lisilomkaa, na wengine aliwarudia kesho yake kuona kama wana habari mpya.

"Mtembezi hula miguu yake!" Masta alimpigia kelele kutoka kwenye kiti chake.

"Na mkaa bure si sawa na mtembea bure!" alijibu mkewe. "Wewe tangu juzi unangoja nini hapo kwa mfalme?"

"Nangoja amri."

"Utazeekea kwenye amri."

Kama kuna mtu wa kuniuliza gemu lipi lilikuwa bora, ningesema sijui. La Masta, kwa alivyolisimulia, lilikuwa na heshima. Ukishinda unajua umeshinda kwa haki, kwa sababu halikukuonea huruma. La mkewe lilikuwa na watu. Mara nyingi nilisimamisha cherehani nisikie yule mwanamke akicheka peke yake kwa jambo aliloambiwa na muuza samaki asiyekuwepo duniani. Masta hakuwahi kucheka na gemu lake. Alilitumikia.

Hapo ndipo alipokuwa mgumu kumwelewa, maana huyu mtu wa sheria alikuwa na mapengo ya ajabu. Alifungua banda kwa wakati usiobadilika, ila saa yake ya ukutani ilikuwa imesimama na hakuipeleka kwa fundi. "Naijua saa," alisema, "haina haja ya kuniambia." Aliwakataza watoto kupuliza kaseti, akawaambia mate ni maji na maji ni kutu, lazima zifutwe kwa kitambaa kikavu. Akawakataza kupiga kelele, na yeye ndiye aliyekuwa na sauti ya kusikika hadi kwenye reli. Alisema gemu la mkewe ni upuuzi, na kweli hakuwahi kukaa naye kulitazama. Aliishia mlangoni, miwani imebaki mezani, hivyo akaona rangi tu. Hata hivyo hakuna siku iliyopita bila kumsikia akiuliza, kwa sauti ya chini ambayo hakujua kama inanifikia:

"Mke wangu, leo umefika wapi?"

Naye Mama Stesheni alimsimulia yote, miji, mito, na wale watu wake watatu wanaosafiri pamoja, mmoja wa upanga, mmoja wa tiba na yule punda. Majina yao hakumtajia. Nami niliwahi kumwuliza, akasonya. "Ukiwa na haraka ya kujua ya watu, olewa."

Kaseti zile zilikuwa na betri ndogo ndani, na hiyo ndiyo iliyoshika kumbukumbu. Betri ikifa, safari yote inafutika. Masta alilijua hilo kwa yaliyomkuta, maana betri yake ilikufa mwaka mmoja wakati wa masika, akawasha asubuhi akakuta mfalme anamkaribisha kama hawajawahi kuonana. Nilidhani atavunja kitu. Akanunua betri mpya, akamwita fundi wa redio aichomelee, akaanza upya mji wa kwanza. "Treni ya jana imepita," alisema, "ya leo ipo." Nilimheshimu sana siku ile, na nilimwambia hivyo, akaniuliza kama nina homa.

Betri ya Mama Stesheni iliendelea kuishi. Yeye ndiye aliyetangulia.

Aliugua muda mfupi. Siku aliyoanza kujisikia vibaya alikuwa kwenye gemu, na nilimsikia kwa masikio yangu akisema, "Ngoja nisevu hapa hapa, nitaendelea nikipata nguvu." Akazima, akaenda kulala. Nguvu hazikuja. Ndani ya wiki chache tulikuwa tunawapikia wafiwa chai.

Nilikwenda msibani nimejiandaa. Nilikuwa na kanga kama yake, na miwani ya kushusha puani kama alivyoshusha yeye, na maneno yake yote nilikuwa nayo mdomoni, miaka yote ile ya kusikia ukutani haikuwa ya bure. Masta aliniona nikiingia uani, akajua nimekuja kufanya nini. Akasimama, akanyoosha mkono kama anayesimamisha treni.

"Zena. Leo hakuna utani."

Wazee wakatazamana. Mfiwa hana mamlaka ya kumkataza mtani, na hakuna aliyelijua hilo kuliko yeye, mtu aliyeishi kwa sheria maisha yake yote. Lakini uso wake ulikuwa uso ambao huwezi kuubishia. Nikavua miwani, nikakaa jamvini na wanawake wengine, nikalia kilio cha kawaida. Mama Stesheni akaondoka bila kusindikizwa. Iliniuma, na nasema wazi kwamba iliniuma kwa ajili yake zaidi ya kwa ajili yangu.

Baada ya hapo Masta alifunga banda. Mashine ya mpira akaigawa, nyeusi yake akamwachia fundi wa redio, na yeye akahamia Mikumi kwa binti yake, mwenye mgahawa wa madereva wa malori kando ya barabara kuu. Alichobeba ni nguo zake, na mashine ya kijivu iliyofungwa kwenye kanga ya mkewe.

Muda ukapita. Siku moja binti akanipigia simu.

"Mamdogo Zena, baba simwelewi. Kila asubuhi anaitoa ile mashine, anaiweka mezani, anaifuta vumbi, anairudisha kabatini. Haiwashi. Nikimwambia awashe anasema betri ikiwa imekufa je. Nikimwambia basi ampe fundi aibadilishe, anasema akiibadilisha mama atafutika."

"Sasa anataka nini?"

"Ndiyo nakuuliza wewe. Fundi wa hapa ameniambia hizo betri haziishi milele, uwashe usiwashe. Kila siku anayongoja ndiyo anayoipoteza. Mimi ni mwanawe, siwezi kumsemesha. Wewe ni mtani."

Nilipanda basi la asubuhi. Nilimkuta kwenye chumba cha nyuma ya mgahawa, malori yakinguruma nje, amekaa na mashine mbele yake kama mtu anayengoja ofisi ifunguliwe. Alikuwa amekonda.

"Shikamoo, mpagazi wangu."

"Marahaba." Nikasubiri lile tusi langu, halikuja, na hapo ndipo nilipoogopa kweli.

Nikatoka nje. Nikafungua mkoba, nikajifunga kanga, nikashusha miwani puani, nikasonya mara moja kujiweka sawa, nikaingia tena kwa ule mwendo wake wa kuburuza kandambili.

"Wewe baba! Umekaa hapo kama mzigo uliokosa tiketi! Tangu lini unangoja?"

Alishtuka hadi kiti kikatoa mlio. Halafu akakasirika. "Zena, nilisema hakuna utani."

"Zena ni nani? Yule mshona mashati yenye mikono isiyolingana? Ulisema siku ile. Siku ile imepita. Na mtani hafukuzwi msibani, unalijua hilo tangu hujaota ndevu. Nimeondoka bila kusindikizwa, baba. Niko porini."

Hilo la mwisho sikulipanga, lilitoka lenyewe. Macho yake yakajaa. Binti alikuwa mlangoni na mwiko mkononi.

"Naomba chuma," nikasema, bado kwa sauti ya mkewe.

Masta akainama, akaingiza mkono chini ya kitanda, akaitoa pete. Tulidhani aliiacha Kilosa. Akanivalisha begani mwenyewe, na kwa kuwa kucheza sijui, nami nikaivua nikamrudishia. "Njia yako, dereva. Mimi nitakuelekeza."

Akaichomoa kaseti. Akaitazama. Kisha huyu mtu aliyewapiga watoto makofi ya kichwa kwa kosa hilo hilo, akaipuliza kwa nguvu, mate yote, akaichomeka na kuwasha.

Kioo cha runinga ya mle chumbani kikawa cheusi muda ambao sitaki kuukumbuka. Halafu muziki ukaanza, na chini ya jina la gemu kukatokea mstari mmoja tu. Safari moja ipo. Masta akavaa miwani.

Ilikuwa msituni. Watu wadogo watatu wamesimama katikati ya miti, mbali na kila kitu, kama alivyowaacha. Akabonyeza sehemu ya kuonyesha majina.

Wa mbele, mwenye upanga, aliitwa MASTA. Wa tiba, aliyesimama nyuma yake, aliitwa MIMI. Na punda, aliyebebeshwa mikate na dawa na kamba na mizigo ya safari nzima, aliitwa ZENA.

 Kisha nikasikia sauti ambayo sikuwahi kuisikia hata siku moja kupitia ule ukuta, miaka yote. Masta anacheka na gemu. Alicheka akashika meza, alicheka hadi binti akaacha mwiko akaja kumshika. "Punda!" alisema. "Mtumwa wangu, alikutumikisha wewe miaka yote hiyo!" Mimi nilikuwa nacheka na kulia, maana Mama Stesheni alinitania tangu zamani na nilikuwa sijui, na sasa sikuwa na namna ya kumrudishia.

Aliponyamaza akasogeza uso karibu na kioo. "Masta amebakiza uhai kidogo sana," alisema. "Na wamelala porini."

"Basi watoe, baba."

"Mimi gemu hili silijui. Stesheni iko wapi?"

"Waulize watu," nikamwambia kwa sauti ya mkewe, na ndiyo mara ya mwisho siku ile niliitumia.

Akauliza. Mzee mzima, aliyezoea kungoja amri, akaanza kutembea na kumsimamisha kila mtu aliyemwona. Mkata kuni akamwambia afuate mto. Mtoto wa darajani akamwambia nyumba ya wageni iko ng'ambo. Walivamiwa na majoka mara kadhaa, na kila mara MIMI alimtibu MASTA kwa dawa zilizotoka mgongoni mwa ZENA, na kila mara binti alipiga kelele hadi madereva kule mbele wakauliza kuna nini. Kwenye daraja nilifumba macho. Nilipofumbua walikuwa wamevuka.

Mwenye nyumba ya wageni aliwauliza kama wanataka kulala. Masta akajibu ndiyo. Taa za kile chumba kidogo zikazimika, muziki wa taratibu ukapiga, na zilipowaka uhai wa wote ulikuwa umejaa. Akahifadhi safari hapo, ingawa gemu lile halikumlazimisha. Alikaa muda akiwatazama, wote watatu chini ya paa.

"Betri inaweza kufa hata kesho," binti akasema polepole.

"Ife," akajibu. "Amefika stesheni."

Nikaanza kufunga mkoba wangu niwahi basi. Masta akainuka, akachukua ile pete mezani, akanivalisha begani, nikainamia upande kama watoto wa Magomeni.

"Hiki nikipeleke wapi?"

"Chuma kinakabidhiwa stesheni. Sasa kiko kwako, na mimi bila chuma siondoi treni. Wanataka kuona bahari, wale. Mkata kuni aliniambia iko mashariki." Akanitazama juu ya miwani. "Uje Jumamosi, punda. Usichelewe, mizigo ni mingi."

Kondakta wa basi aliniuliza kama ninauza vyuma chakavu. Nilipofika Kilosa niliitundika kwenye msumari juu ya cherehani, na Jumamosi ile nilifunga duka asubuhi na mapema, nguo za watu zikiwa hazijaisha.